Kichupa Kwenye Pindo la Kitenge

Jiwe lililoniingia jichoni halikufika hata punje ya mtama. Nilikuwa Mongbwalu, nikitwanga mawe ya dhahabu kwenye kinu cha chuma, na sisi watwangaji hatulii kwa kijiwe. Nikaosha uso, nikaendelea. Siku chache baadaye jicho lilikuwa jekundu, na maumivu yanashuka mpaka kwenye taya.

Muuza dawa wa sokoni alinipa kichupa cha matone. Siku mbili tu, jicho likawa jeupe. Wekundu ukirudi, natia tena, narudi kinuni. Hata nilipokuja Bunia kwa dada yangu, mtaa wa Lumumba, kichupa kilikuwa kimefungwa pindoni mwa kitenge changu.

Dada ndiye aliyeona kidoa cha njano kwenye weupe wa jicho, akanipeleka hospitali. Daktari alikwangua jicho kidogo, akapima, akasema vijidudu vimejichimbia ndani ya ukuta wa jicho, mahali ambapo dawa hufika kwa shida. Nitie matone yake kila saa, na yale ya Mongbwalu, niliyomtajia, niyaache kabisa. Nikaitikia, nikalazwa.

Nilipoyaacha, jicho liliwaka moto. Niliogopa sana. Kazi yetu ni macho: asiyeona chembe ya dhahabu kwenye karai huibiwa huku anatazama. Nikaamini daktari huyu atanipofusha. Basi, akiondoka tu, nilikuwa natia tone moja la kichupa changu. Jicho lilitulia, nami nikamcheka kimoyomoyo.

Wiki ya tatu vidoa vilikuwa viwili. Daktari akaketi karibu na kitanda.

“Mama, dawa yetu iko nashindwa, na sijue juu ya nini,” alisema. “Kama inaendelea hivi, tutatosha jicho.”

Kulitoa jicho langu. Nikalifungua fundo la kitenge. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu nilikuwa nimekifunga mwenyewe. Nikamwekea kichupa mkononi.

Alikisoma muda mrefu. Nilitamani anigombeze.

“Hii inaondoshaka wekundu tu, mama. Ugonjwa iko nakula ndani.”

Walilipasua jicho wakalisafisha, kisha nikatia matone miezi mingi. Jicho lipo, ila linaona ukungu, na kinu nimekiacha. Kila asubuhi dada hulichungulia akaniambia ni jeupe kabisa. Mimi humwomba atazame tena.