Kamera Kuukuu Ilipokatiwa Bima

Mtaani walimwita Bwana Cheka, maana hilo ndilo neno lililomtoka kinywani kutwa nzima. "Cheka, mama. Cheka kidogo, bwana, meno hayalipiwi." Alikuwa mpiga picha, na studio yake ilikuwa chumba kimoja ubavuni mwa kinyozi. Watu waliingia humo na nyuso zilizokunjamana kama nguo iliyokamuliwa, wakatoka wamenyooka.

Mkewe walimwita Mama Taa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika taa. Kabla mteja hajasimama, Mama Taa alitangulia mbele ya pazia la kijivu, palepale atakaposimama mteja, akapigwa picha moja ya kupimia mwanga. Uso ukionekana umeiva kwa mwanga, Bwana Cheka humwambia, "Haya toka, mwenyewe aje." Naye hujibu, "Bibi harusi wa dakika moja ameachika tena!" Mteja hucheka, na hapo ndipo picha nzuri inaponaswa.

Jioni Bwana Cheka alizifuta picha zote za kupimia ili kadi ya kamera ipate nafasi. Alizifuta bila kuzitazama, kama mtu anavyofagia maganda. Ndoa yao nzima ilikwenda hivyo: kila siku alimpiga mkewe picha, na kila siku akaifuta.

Mama Taa alipougua hakukaa sana. Siku ya msiba ikatakiwa picha ya kuweka mbele ya watu. Wakapekua makabati, wakapekua kompyuta, wakakuta maharusi wa mji mzima, wahitimu, watoto wachanga wa majirani, ila yeye hayumo. Mwishowe wakaikuza picha ya kitambulisho chake. Uso ukatoka umefifia, kama wa mtu aliye nyuma ya kioo chenye maji. Kule nyuma mama mmoja akanong'ona, "Mganga hajigangi." Hakusema kwa ubaya. Lakini Bwana Cheka alimsikia, na tangu hapo hakuacha kumsikia.

Baada ya mazishi alirudi studio peke yake, akaiwasha kamera. Ndani ilikuwemo picha moja. Ilipigwa asubuhi ile Mama Taa aliposema kichwa kizito, akaketi kwenye kigoda, wakafunga mapema na hakuna aliyekumbuka kufuta kitu. Alikuwa amesimama mbele ya pazia, kidevu juu kidogo, mdomo umefunguka nusu. Alikuwa anaanza kusema lile neno lake la bibi harusi.

Bwana Cheka akanunua kamera nyingine ya kazi. Ile kuukuu ikawa inarudi naye nyumbani kila jioni na kulala kando ya mto wake. Asubuhi huiwasha, hutazama, huizima.

Binti yake, ambaye sasa ndiye aliyeshika taa, hakupenda mchezo huo. "Baba, nipe hiyo kadi niichape hata moja."

"Kesho."

"Kesho yako haina asubuhi, baba."

Siku moja alimjibu kweli. "Mwanangu, picha za marehemu wa mji huu nazichapa mimi. Karatasi yake naijua, fremu yake nyeusi naijua. Nikimchapa mama yako, nitakuwa nimemzika mara ya pili. Humo ndani bado yuko kazini."

Binti akaenda kuikunja waya ambayo tayari ilikuwa imekunjwa.

Basi wezi wakavunja duka la viatu mwisho wa mtaa. Kinyozi akaja mlangoni na kitana sikioni. "Jirani, mwizi hapigi hodi. Kata bima. Mimi hata wakibeba mashine nabaki na wembe. Wewe utapiga picha kwa kukonyeza?"

Wakala wa bima alikuwa dada mmoja mwenye begi zito na viatu vilivyojaa vumbi. Alieleza taratibu, kama anayemlisha mtoto.

"Ziko aina mbili, mzee wangu. Moja inakifuata kifaa popote kiendapo: harusini, njiani, nyumbani. Nyingine ni ya dukani tu. Hiyo ni nafuu, ila kila tulichokiandika kilale humu humu, kwenye kabati la chuma lenye kufuli. Kikilala kwingine, hatulipi."

Tangu mkewe afariki, Bwana Cheka hakuwa akienda tena kwenye harusi za nje. "Ya dukani inatosha," akasema.

Wakapanga vitu mezani: kamera mpya, lenzi, taa, stendi, mashine ya kuchapia. Wakala akavitaja kimoja kimoja na thamani yake. Mwisho Bwana Cheka akaitoa ile kuukuu ndani ya koti na kuiweka katikati ya vingine. Mpira wake wa kushikia ulikuwa umebanduka, ukashikizwa kwa gundi ya karatasi.

Wakala akaigeuza mara moja tu. "Hii tuiache, mzee. Haina thamani."

Neno lile lilimwingia kama kofi la mbele za watu. "Andika hiyo kwanza," akasema. "Hivyo vingine vifuate."

"Nakushauri kwa nia njema tu, mzee. Utailipia bure."

"Iandike, mwanangu."

Binti akauliza kutoka kwenye taa, "Na kilichomo ndani, mnakilipa?"

"Tunalipa kifaa, dada. Kadi tunalipa kadi, lakini tupu. Picha hakuna awezaye kuipimia bei."

"Umesikia, baba? Bima ya ile picha ni karatasi moja."

"Nimesikia. Niache kwanza nizoee kuiacha hapa."

Jioni hiyo akaifungia kamera kabatini pamoja na vile vifaa vingine. Nyumbani, mkono wake ukapapasa kando ya mto na kukuta shuka. Asubuhi alifika studio kabla kinyozi hajafagia, akafungua kufuli, akaiwasha. Mkewe yupo, mdomo nusu. Siku zikapita hivyo, na hofu ikaanza kumlegea. Akajiambia kwamba Mama Taa sasa analala kazini kama mlinzi, na wazo hilo likamchekesha.

Kisha siku moja akapita kwa seremala, akarudi na fremu. Haikuwa nyeusi. Ilikuwa ya mbao ya rangi ya kahawia, ya watu walio hai. Akaiweka mezani. Binti akaiona, naye hakusema kitu, maana jambo kama hilo ukiligusa mapema linaweza kukimbia.

Kesho yake walikuta mlango umeng'olewa. Wezi hawakujisumbua na kufuli la kabati; walikuwa wamelibeba kabati lenyewe. Sakafuni zilibaki alama za miguu yake ya chuma, zikienda hadi nje. Fremu ilikuwa palepale mezani.

"Kufuli wameliheshimu, hawakuligusa hata kidogo," kinyozi akasema, kisha akauona uso wa jirani yake na akatamani alimeze neno lake.

Bima ililipa. Wakala alikuja mwenyewe kuleta habari, na safari hii uso ulimng'aa. "Hatukukataa hata kimoja, mzee wangu. Hata ile kuukuu imo."

"Ahsante, mwanangu. Mmelipa kila mlichosema mtalipa."

"Sasa mbona huna furaha? Kuna tulichosahau?"

Bwana Cheka akaifuta fremu vumbi. Wakala akamtazama binti, akaitazama fremu tupu, na kumbukumbu ikamjia polepole. Akakaa kwenye kigoda. "Mimi nilisema tuiache," akasema kwa sauti ndogo. "Ingekuwa inalala nyumbani."

"Ulisema kweli," Bwana Cheka akasema. "Mimi ndiye niliyetaka ihesabike."

Kamera mpya na vifaa vingine vilipokuja, mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja wa makamo aliyetaka picha ya pasipoti. Binti akatangulia mbele ya pazia la kijivu ili baba yake apime mwanga. Kidevu chake kilikuwa juu kidogo. Hakukusudia, alizaliwa nacho hivyo.

Bwana Cheka akainua kamera, akaishusha. "Sogea pembeni, mwanangu."

Binti akasogea. Baba akabonyeza.

"Baba, umepiga pazia."

"Najua."

Jioni hakuifuta. Aliichapa kwa karatasi nzuri, akaitia kwenye ile fremu ya kahawia na kuitundika ukutani. Kinyozi akaingia kuazima nyundo, akaikodolea. "Jirani, hii ni picha ya nani? Mbona naona kitambaa tu?"

"Ni Mama Taa. Ametoka, mwenyewe aje."

Kinyozi akaitazama tena. Akaondoka bila nyundo.

Siku iliyofuata studio ilifunguliwa kama kawaida. Mteja akaja, akasimama mbele ya pazia, akasubiri kuambiwa la kufanya. Bwana Cheka alikuwa na jicho kwenye kamera na kidole tayari, lakini lile neno lake halikutoka. Mteja akaanza kutazama huku na huko.

Binti akainua taa juu zaidi. "Cheka kidogo, mama," akasema. "Cheka."