Kisanduku Ambacho Editha Hakukifunga

Mwandishi wa makala haya anazifahamu kompyuta zote za Mikumi. Anazifahamu kwa rangi. Ya Editha Cleopa ni nyeusi, imekaa juu ya meza ya mbao kwenye steshenari iliyo kando ya barabara kuu ya Iringa, na asubuhi hii inawaka taratibu kama mgonjwa anayeamshwa anywe dawa.

"Shikamoo mama. Kaa hapo, ila usiegemee," anasema Editha, mwenye miaka 34.

Kiti kina mguu mmoja wa kuazima. Mwandishi anakaa kwa adabu.

Mara anaingia Mudi, mtunza stoo wa hoteli moja ya wageni wa mbugani. Ana orodha ya vyumba na anataka kujua kila chumba kipelekewe mayai mangapi: mawili kwa kila mgeni. Editha anaandika mbili kwenye kisanduku kimoja pembeni, kisha anaandika fomula. Ndani yake anatia alama ya dola mara mbili: =C5*$G$1.

"Dola za nini tena, dada?" Mudi anauliza. "Wageni wenyewe siku hizi ni walimu wa Morogoro. Wanalipa shilingi, tena kwa kununa."

"Hiyo siyo hela, Mudi. Ni kamba. Nimekifunga kisanduku cha mayai kisihame."

"Kihamie wapi, na miguu hakina?"

Editha anaburuta fomula hadi chumba cha mwisho. Halafu anafanya jambo ambalo wapiga chapa wengi hawana muda nalo: anachagua chumba cha mwisho, anakipigia hesabu kwa kalamu kiganjani, anarudi cha katikati, anapiga tena. Ndipo anaiwasha printa.

"Mayai tu hayo," Mudi anaguna. "Unayakagua kama trafiki!"

Anachukua karatasi zake na kuondoka. Editha anafuta wino kiganjani kwa khanga, na sasa ndiyo analijibu swali la Mudi.

"Kikihama, watu wanalala njaa," anasema. "Mimi nimewalaza."

Ilikuwa masika ya mwaka juzi, Mto Mkondoa ulipofurika na maji yakaingia Mabwerebwere, mjini Kilosa. Editha alikuwa na steshenari yake mwenyewe huko. Aliipandisha kompyuta na printa juu ya kabati, vingine vyote vikaenda na tope. Watu waliopoteza nyumba walihifadhiwa kwenye madarasa, na kamati iliyokuwa ikiwahudumia ikamwomba Editha aandae orodha ya mgao wa unga. Jina moja kwa kila kaya, kilo nane kwa kila mtu.

"Nilijitolea, sikudai hata senti," anasema. "Lori lilikuwa limeshafika, dereva anapiga honi, umeme unakatika na kurudi. Nikaweka nane yangu pembeni, nikaandika fomula kwenye jina la kwanza, nikaburuta mpaka chini. Dola sikuweka. Wala sikujua kama zinawekwa."

Bila alama ile, fomula ikishuka inashuka na kila kilicho chake. Jina la kwanza lilichukua nane kama lilivyoagizwa. Jina la pili likaenda kuitafuta nane kwenye kisanduku cha chini yake, kilichokuwa kitupu. La tatu likashuka chini zaidi, kwenye utupu mwingine. Watu sita mara hakuna kitu, jibu ni hakuna kitu. Na kompyuta ya Editha ilikuwa imepangwa kuandika sifuri kwa kistari kifupi, kisichomshtua mtu.

"Niliukagua mstari wa kwanza tu. Ulikuwa sawasawa. Nikamshukuru Mungu, nikachapa."

Mstari huo wa kwanza ulikuwa wa Mzee Yeremia, mwenyekiti wa mtaa. Orodha ya pale haianzi na mtu mwingine mwenyekiti akiwepo. Hata ikiwa ya walioharisha, heshima yake atapewa.

Aliyesimama kwenye lori kugawa alikuwa Stefano, kijana wa kamati. Naye hakuona kosa. Wiki moja nyuma wahisani wengine walikuwa wamegawa unga, na kwenye karatasi zao kistari kilimaanisha mtu huyu ameshapata.

"Karatasi ina muhuri, kistari kipo, mimi ni nani nibishe?" anasema Stefano kwa simu kutoka Kilosa. "Mama wa watu analia, namwambia wewe umeshachukua, acha tamaa. Maneno hayo nimeyasema kwa mdomo wangu huu."

Mzee Yeremia alibeba unga wake mbele ya macho ya mtaa mzima. Uliobaki ukarudi na lori lilelile, kwa sababu barabara ilikuwa ikiendelea kukatika na dereva hakutaka kulala. Lori jingine lilipita baada ya wiki tatu.

Kwa watu, hesabu ilikuwa rahisi: Editha na mwenyekiti wamekula. Kosa lilipogunduliwa, Editha alizunguka na kompyuta mkononi akiwaonyesha visanduku. Hakuna aliyetazama.

"Mtu ana njaa, wewe unamwonyesha G1," anasema, anacheka kidogo, kisha anaacha. "Nikifungua duka haingii mtu. Nani atampa mwizi cheti cha mtoto akitoe kopi?"

Akahamia Mikumi, akaajiriwa hapa kwa shilingi 6,000 kwa siku. Matumizi ya zile dola alifundishwa na mwanafunzi aliyekuja kuchapa ripoti yake, kwa muda wa kunywa soda. Ni kubonyeza kitufe kimoja, F4.

Wapo waliokwisha kumsamehe. Bibi Filomena hayumo.

Bibi huyu, anayelea wajukuu watatu, alikuwa ameyaokoa mabati ya nyumba yake kwenye tope. Katika zile wiki tatu aliyauza moja baada ya jingine kwa mahindi, mpaka yakaisha. Hadi leo analala na wajukuu chini ya turubai. Na tangu siku ile, Editha akimwamkia shikamoo, Bibi anatazama pembeni kana kwamba amepita kuku.

"Angenipiga ningepona," anasema Editha. "Shikamoo isiyojibiwa unaenda nayo wapi?"

Mpango wake ni kuyarudisha mabati yote, hata kama itamchukua miaka. Wakati huo huo, kila Jumapili hutuma unga kwa mkono wa Grace, jirani wa Bibi, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Jumapili hii Grace amesafiri. Editha anakwenda Kilosa, anausagisha mashineni huko na kuubeba mwenyewe.

Bibi Filomena yuko mbele ya turubai, anachambua mchicha.

"Shikamoo, Bibi."

Mchicha unaendelea kuchambuliwa. Editha anautua mfuko.

"Nimetumwa na kamati, Bibi. Ni ule mgao wako wa mwaka juzi. Wameirekebisha orodha."

Bibi anafuta mikono, anafungua mfuko, anazamisha kiganja hadi kwenye kifundo na kukiacha humo.

"Unga huu umetoka wapi?" anauliza. Ni mara ya kwanza anamsemesha Editha tangu mafuriko.

"Morogoro, Bibi. Umekuja na lori. Ulikaa stoo muda mrefu, ndiyo maana umechelewa."

"Stoo."

"Ndiyo, Bibi. Tangu mwaka juzi."

Bibi Filomena anautoa mkono, anamshika Editha kifundo cha mkono, na kukisukuma kiganja chake ndani ya mfuko.

"Mbona bado una moto wa mashine?"