Bawabu aliyefunga mlango, muswada wa mkewe ukaanguka

Saa nane mchana, kikao kikiwa hakijaanza, Komeo anapaka nta ya mshumaa kwenye komeo la mlango mkuu wa ukumbi wa Bunge. Analivuta, analisukuma, analivuta tena. Likikwaruza hata kidogo, anarudia. Akisharidhika, anafuta vidole kwa leso, anaweka koti lake sawa na kusimama upande wa kulia wa mlango, mahali alipoanza kusimama miaka kumi na tisa iliyopita.

"Mlango huu ukigoma siku ya kura, Spika hatamuuliza fundi," anasema. "Ataniita mimi."

Komeo si jina alilopewa na mama yake. Wabunge walimbandika kwa utani, likamganda, na siku hizi hata watoto wake hulitumia akiwa hayupo. Kwa cheo ni bawabu wa ukumbi.

Kazi yake haina maelezo marefu. Muswada ukifika mwisho wa safari yake, Spika huwauliza wabunge kama wanaukubali. Wanaoutaka huitika "ndiyo", wasioutaka "siyo", na upande wenye sauti kubwa hushinda. Wakibishana ni sauti ipi iliyokuwa kubwa, inabidi wahesabiwe mmoja mmoja. Hapo kengele hulia kwenye korido zote, kantini, mpaka chooni, na waliotawanyika hurudi mbio. Ikinyamaza, Komeo anafunga. Aliye nje atabaki nje, awe waziri, awe nani.

"Kengele ikinyamaza sitazami watu, natazama komeo," anasema. "Nikitazama sura nitaona huruma. Na nikianza kuona huruma, mwanangu, sheria za nchi hii zitakuwa zinapitishwa na bawabu."

Leo ameisema kauli hiyo mara mbili, na ya pili alikuwa kama anajiambia mwenyewe. Muswada unaopigiwa kura ni wa wafanyakazi wa majumbani. Mkewe, Mama Pacha, ni mmoja wao, na ameketi juu kwenye jukwaa la wageni. Mwaka jana muswada huu huu ulianguka, na aliyekuwa ameshika mlango ni mumewe.

Mama Pacha ametumikia nyumba moja tangu mapacha wake waanze shule. Wenye nyumba bado wanamwita "dada", ingawa mtoto wa mwisho aliyemlea pale sasa ana ndevu. Hutoka kwake kabla hakujapambazuka na kurudi giza likiwa limeingia, siku saba kwa wiki. Mkataba hana. Likizo anaisikia redioni. Mshahara wake unalipa kodi ya nyumba yao, na kinachobaki hakitoshi jozi ya viatu.

Kwa hiyo mbunge mmoja, mwalimu wa zamani, alipopeleka muswada wake bungeni, Mama Pacha aliufuata kama mtu anayefuata kesi ya ndugu yake. Ukasomwa mara ya kwanza, ukapelekwa kwenye kamati, na kamati ikaita wananchi watoe maoni. Yeye na wenzake wawili wakajitokeza wamevaa nguo zao za kutokea. Mjumbe mmoja akamuuliza: siku nzima ya mapumziko kila wiki, mama, utaifanyia nini?

"Kulala, Mheshimiwa," alijibu. "Nikiamka ndipo nitafikiria la pili."

Kamati nzima ilicheka. Lakini kifungu cha siku ya mapumziko, ambacho baadhi ya wajumbe walitaka kifutwe, kikabaki. Watu hudhani sheria huanzia kwenye meza za wanasheria. Hiki kilinusurika kwa sababu ya uchovu wa mama mmoja. Mwenyewe anakikariri neno kwa neno, na ukimpa nafasi atakusomea mpaka mwisho.

Siku ya kura, mwaka jana, kengele ilipoanza kulia mwenye muswada alikuwa nje kwenye ngazi, amezungukwa na waandishi wa habari. Walikuwa wanamuuliza kwa nini muswada wake ni muhimu, naye anawaeleza, tena kwa kirefu. Wenye kalamu hatuna pa kujificha hapo. Kengele ikanyamaza. Komeo akaurudisha mlango, na komeo likiwa halijaingia lote akasikia viatu vya kisigino vinakuja mbio koridoni.

"Akaita, 'Mzee, ni mimi! Mimi ndiye mwenye muswada!'" anasimulia. "Nilimjua kwa sauti. Na nilijua ni muswada wa nani nyumbani kwangu. Mkono ukawa mzito kama si wangu. Nikasukuma, likaingia."

Ndani, kura zikalingana. Kwa kanuni za Bunge hilo, muswada uliopata kura sawa kwa sawa umeanguka, na haurudi mpaka mwaka mwingine, nao huanzia mwanzo kabisa. Kura iliyopungua ilikuwa nje ya mlango, inalia.

Usiku alipofika nyumbani, Komeo alikuta mlango umefungwa kwa ndani. Akabisha.

"Nani?"

"Mimi, Mama Pacha. Nifungulie."

"Kengele imeshalia, Baba Pacha."

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alikaa barazani juu ya ndoo iliyofudikizwa mpaka mmoja wa mapacha alipomhurumia na kumfungulia. Chakula alikikuta mezani, kimefunikwa vizuri. Maneno ndiyo aliyonyimwa, na alinyimwa kwa majuma.

"Sikumnunia kwa kufuata kanuni," anasema Mama Pacha. "Nilimnunia kwa sababu hata pole hakunipa."

"Pole ningekupa. Wewe ulitaka niombe msamaha," anadakia mumewe. "Msamaha wa kosa gani?"

Ubishi huo wameurudia mara nyingi hadi wote wawili wanajua nani ataongea baada ya nani. Ila Komeo anapobaki peke yake anakiri kwamba mwaka ule ulimkalia vibaya. Alikuwa akimwona mkewe anafunga kanga alfajiri kwenda kazini, anageukia ukutani na kujifanya amelala.

Aliyemtoa unyonge ni mbunge mwenyewe. Muswada ulipoanza safari upya, alimpa mkono pale pale mlangoni. "Mzee, safari hii nitalala humo ndani," akamwambia, wakacheka.

Na kweli. Leo, tangu kikao kimeanza, hajanyanyuka kitini. Maji amekataa kabisa, asije akahitaji kutoka. Hoja zinakwisha, Spika anauliza, ndiyo na siyo zinagongana darini, wabunge wanadai wahesabiwe. Kengele inaanza kulia.

Komeo anashika mlango. Juu, Mama Pacha amesimama bila kujua kwamba amesimama, mpaka askari anamwonyesha kwa mkono akae.

Kengele inanyamaza. Koridoni wanatokea wabunge watatu kutoka kantini, wanatembea polepole kama walio kwao, mmoja bado anajifuta mdomo. Wote watatu wamekwisha kuusema vibaya muswada huu hadharani.

"Komeo, tupo," mmoja anaita.

Anatazama komeo. Linaingia kimya. Nje wanagonga, kwanza kwa adabu, kisha kwa ngumi, na yeye amesimama ameukabidhi mlango mgongo wake, shingo inamtoka jasho.

Spika anasoma matokeo: muswada umepita kwa tofauti ya kura mbili. Ukumbi unalipuka kwa makofi. Bawabu haruhusiwi kupiga makofi, basi anatazama zulia, na machozi yanadondokea humo humo.

Anapofungua, watatu wale wanaingia wamefura. "Mzee, una roho ngumu," mmoja anasema.

"Nimeambiwa hata nyumbani, Mheshimiwa."

Getini, Mama Pacha anamsubiri, mkoba uko kwapani.

"Walikuwa wangapi nje?"

"Watatu."

"Wa upande wa pili?"

"Wote."

Anahesabu kwa vidole, polepole, halafu anahesabu tena. Anamshika mumewe mkono wa koti na kuulaza uso wake hapo kidogo. "Basi ya mwaka jana nimekusamehe," anasema.

"Sikuomba."

"Najua. Nimekupa bure."

Kukaa hawezi. Muswada bado unangoja saini ya mkuu wa nchi na kuchapishwa kwenye gazeti la serikali ndipo uanze kutumika, na hadi siku hiyo sheria ya Mama Pacha ni bosi wake, aliyemwambia awe amerudi kabla ya chakula cha jioni. Anavuka barabara karibu kukimbia.

Komeo anamsindikiza kwa macho. Mwakani anastaafu, na ukimuuliza atafanya nini, hataji duka wala shamba. Anataka Jumapili moja.

"Miaka yote hii, ukiacha leo na siku ile ya kamati, ruhusa ya mchana mke wangu ameipata kukiwa na msiba tu," anasema. "Mchana nimekuwa nikimwona makaburini. Nataka kukaa naye barazani, jua limewaka, na hakuna aliyekufa."