Leo nimeshtakiwa kumkondesha marehemu

Jamani, nimechoka.

Asubuhi Mama Kulwa kaingia ofisini kwangu hapa Kharumwa, DVD mkononi. Ni ile ya harusi ya binti yake, niliyoipiga kwa kamera ya HD mwezi mmoja kabla mumewe hajafariki.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Nikajua leo ninalo.

"Mawifi zangu wameiangalia jana. Wanasema mume wangu nilimnyima chakula. Hebu ona!"

Nikaona. Video yangu ni pana, TV yake ni ya kichogo, kioo chake karibu mraba, marehemu aliinunua miaka ya tisini alipopata dhahabu Nyarugusu. Wakati wa kuchoma DVD nilisahau kuchagua picha pana, basi watu wote wamebanwa. Hata bibi harusi kawa kama ufito!

Kosa langu. Nikachoma nyingine, nikaiweka kwenye kichogo cha hapa ofisini. Mistari myeusi juu na chini, ila watu wamekaa sawa.

Akasogea karibu na kioo, akamtazama mumewe.

"Ndivyo alivyokuwa?"

"Ndiyo mama. Hii ndiyo sahihi."

"Alikonda hivi, nami nipo naye kila siku, sikuona?"

Nikashika rimoti, nikaisimamisha picha.

"Mnenepeshe kidogo, mwanangu."

Mafundi wenzangu, mngefanyaje?

Mimi nimeivuta picha kwa upana. Sahani za pilau zimekuwa kama mayai, lakini Baba Kulwa kajaa mashavu.

Mama kaipokea DVD yake. Alipofika mlangoni akageuka.

"Marahaba."