Maziwa Lala Mbele ya Daktari

Wiki jana nilikuwa nikingoja zamu katika kituo kimoja cha afya huko Nyamira. Mlango wa daktari ulikuwa wazi, nasi wa kwenye benchi tulikuwa tumeshaacha kujifanya hatusikilizi. Ndani alikuwa mwanamke aliyemleta mamake mzee.

"Daktari, mama anasahau sana. Kakangu ako ng'ambo, ameandika ati wataalamu wanauliza kama wale wadudu wanaogandisha maziwa lala wanaweza kusaidia ubongo. Sasa niendelee kumpa ama niache?"

"Mambo ya tumbo ni chumba namba mbili," daktari akasema. "Hapa ni kichwa."

"Na mdomo ni chumba gani?"

Daktari akavuta fomu. "Nyanya, leo ni siku gani?"

"Kesho ni maandalio."

Daktari akatia alama ya kosa. Binti akaruka: "Sisi ni Wasabato! Maandalio ni Ijumaa, kwa hivyo leo ni Alhamisi!"

Daktari akatazama kalenda ukutani, akafuta polepole. "Haya. Na huyu ni nani?"

Mama mzee akamtazama bintiye. Binti akawa anakunja na kukunjua leso.

"Jina limenitoka. Ni yule huniletea maziwa kila asubuhi."

Kalamu ya daktari ikabaki hewani. Fomu ilikuwa na visanduku viwili, *anamjua* na *hamjui*; aliyeichapisha nadhani hajawahi kuuguza mzazi.

"Mpe," daktari akasema hatimaye.

"Kwani yanasaidia ubongo?"

"Hilo sijui, mama. Lakini ukiacha, atakujuaje?"