Walivyomwaga diski tupu juu ya diski zilizojaa, kisha wakamtwika Sidi lawama

Wakuu, salamu kwenu nyote, mnaosoma kimya kimya na mnaokuja na maneno yenu.

Mimi si mtu wa kalamu. Niliishia darasa la saba kwetu Kitui, nikateremka pwani kutafuta riziki, na sijarudi. Mkiona nimekosea kuandika mnivumilie. Lakini haya sikusimuliwa. Nilikuwa ndani ya chumba.

Majina nitayataja. Wakitaka waje hapa wajibu.

Nilikuwa dereva wa kampuni moja Malindi, mwenyewe ni mzee wa Kihindi anaitwa Jayant. Kazi yao ilikuwa kutunza kumbukumbu za zahanati na hospitali ndogo za watu binafsi, kuanzia Malindi mpaka kule Junju. Mgonjwa alipewa dawa gani, mama mjamzito ana damu ya aina gani, mtoto keshachanjwa nini na bado nini. Yote yaliingia kwenye mashine moja kubwa wanaiita mainframe. Ilikuwa imeshatumika ng'ambo ndipo ikaletwa huku. Ukiiona utadhani friji mbili za bucha zimesimamishwa bega kwa bega, na chumba chake baridi mpaka unatafuta sweta, Malindi hiyohiyo ya jua la kupasua kichwa.

Sasa kitu kama hicho hakiwekwi mahali pamoja tu. Moto ukiingia je? Kwa hiyo Kilifi kulikuwa na mashine ya pili, ya akiba. Kila kilichoandikwa Malindi kilitakiwa kiwe na nakala Kilifi.

Na mwanzoni nakala hiyo niliibeba mimi.

Mafundi wa Malindi walikuwa wanamimina kila kitu kwenye tepu, wanazipanga kwenye masanduku, wananipakilia kwenye pikapu. Napita Gede, Matsangoni, Tezo, mpaka Kilifi. Nikifika, zinasomwa kwenye mashine ya kule, nami nangoja tepu za zamani nirudi nazo. Kungoja kwenyewe kulikuwa kurefu. Hapo ndipo habari yangu inapoanzia.

Aliyezipokea Kilifi alikuwa Sidi.

Sidi ni Mchonyi wa Junju. Alisomea kompyuta chuo cha ufundi, na chumba kile cha Kilifi kilikuwa chake peke yake. Siku ya kwanza niliingia nikatua sanduku sakafuni nikasema nimeleta mzigo. Hakuinua macho. Akasema, "Nyinyi watu wa bara mnaingia kwa watu kama mnakuja kukamata. Toka nje, bisha hodi, halafu usalimie."

Nikatoka. Nikabisha hodi. Nikasalimia.

Akasema, "Haya, karibu Bwana Posta."

Jina likanikaa. Wenzangu Malindi hawakulijua, lilikuwa la chumba kile tu.

Tukazoeana. Tepu zinazunguka, mimi nimekaa kwenye kigoda, yeye ananipa chai ya tangawizi na mahamri kutoka kwa mama mmoja jirani. Alinisahihisha Kiswahili changu mpaka kikanyooka. Alinieleza kazi yake bila kunidharau. Alikuwa akisema mashine ya akiba ni kama mke wa pili asiyeitwa kwenye harusi, lakini nyumba kubwa ikiungua wote watalala kwake. Akisema hivyo anacheka, halafu anageuka kutazama skrini yake.

Wakuu, mimi nimeendesha barabara nyingi. Ile ya kwenda Kilifi na masanduku nyuma ndiyo ninayoiota mpaka leo.

Kisha akaletwa Injinia Wycliffe kuwa mkuu wa IT.

Huyu alitoka Nairobi na vyeti vyake, akavitundika ukutani kabla hajapata hata kiti. Akamwambia Mzee Jayant kubeba tepu ni ushamba. Uvutwe waya wa faiba mpaka Kilifi, diski za Malindi zijinakili zenyewe kwenye diski za Kilifi. Neno likiandikwa Malindi, Kilifi nayo inaliandika papo hapo.

Sitasema uongo, kitu chenyewe kilikuwa kizuri. Hata Sidi alikisifu. Aliomba jambo moja tu, kwamba tepu zisiachwe kabisa, ziwe zinatoka japo mara mojamoja. Wycliffe akamjibu mbele za watu kwamba hakuleta ndege ili aendelee kufuga punda. Mashine ya tepu akaiuza kwa wa vyuma chakavu. Tepu zenyewe zikachomwa nyuma ya ofisi, moshi wake mweusi.

Nami nikawa dereva wa kubeba dizeli ya jenereta na wageni wa boss.

Kilifi nikawa naenda kwa nadra. Nikienda, nashusha dizeli, naulizwa mbona umechelewa kurudi. Kumkosa mtu aliyekufa kuna matanga na watu wa kukupa pole. Kumkosa mtu ambaye mko kampuni moja, na jina lake unaliona kwenye simu za ofisi, hakuna anayekupa pole.

Hapo kati kukatokea balaa. Betri kubwa zinazoshikilia umeme chumba cha Malindi zililipuka. Niliitwa kusaidia kusogeza kabati, nikawa nimesimama pale pale. Fundi niliyekuwa naye alitoka mzima. Mimi nilitoka na uso na bega la kushoto vimeungua. Kwa nini betri zile zililipuka? Waliokuwa wanazitunza walisema mapema kwamba zimevimba. Pauline, msimamizi wa ofisi, akawaambia wangoje bajeti. Pauline, kama unasoma, bega langu bado linakusalimia.

Diski za Malindi zote zikafa.

Lakini hakuna kilichopotea! Kilifi ilikuwa na kila kitu. Zahanati zikaunganishwa Kilifi, zikaendelea na kazi kama kawaida. Na mwenye Kilifi ni nani? Sidi. Mzee Jayant alikuwa akimpigia simu mwenyewe, anamwita binti yangu. Madaktari wanampigia kumuuliza hili na lile. Nilikuwa nimelazwa Kilifi siku hizo, akawa ananijia mchana na uji wa mtama, anasimulia huku amechoka na anang'aa. Sijawahi kumwona vile tena.

Nikaona nikinyamaza sasa nitanyamaza milele. Nikamwambia, na bandeji zangu vile vile, kwamba nataka kumuoa.

Akaifunika chupa ya uji. Akasema, "Kazi irudi Malindi kwanza nipumue. Halafu uje Junju na wazee wako. Na uwafundishe kubisha hodi."

Nikapona haraka, wakuu. Daktari alishangaa.

Diski mpya zikafika Malindi, zikafungwa. Ikapangwa Jumapili moja, zahanati zikiwa zimefungwa, data irudishwe kutoka Kilifi. Mimi nilitumwa Kilifi na dizeli, jenereta isije ikazimika katikati ya kazi. Nilipomaliza kujaza tangi nikaingia ndani.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penyewe.

Malindi diski mpya, tupu kabisa. Kilifi diski zimejaa. Hata mimi wa darasa la saba najua maji yanatoka kwenye mtungi uliojaa. Lakini amri ilikuwa inatolewa na Wycliffe, yuko Malindi. Na yeye tangu afike alikuwa anatoa amri moja tu, Malindi inatoa, Kilifi inapokea. Kichwani mwake makao makuu ndiyo yanayotoa na tawi ndilo linalopokea. Akaitoa ile ile. Hakuigeuza.

Sidi aliona skrini yake inabadilika. Akafungua diski moja, ikawa haina kitu. Akafungua inayofuata, nayo inafutika. Akapiga simu, akaiweka spika ili mikono iwe huru.

Akamwambia, "Injinia, mimi napokea. Mbona napokea? Si natakiwa kutoa?"

Wycliffe akasema ni kawaida, zinajipanga. Alikuwa na sauti ya mtu anayesumbuliwa.

Sidi akamwambia zinafutika. Akamwomba asimamishe, aangalie. Wycliffe akauliza nani alisomea hii mashine, yeye au Sidi. Sidi akainuka akaushika ule waya wa faiba ulipoingia kwenye mashine. Akasema anauchomoa.

Ndipo Wycliffe akasema, "Ukiugusa, chochote kitakachoharibika leo ni wewe umekiharibu. Nakurekodi."

Nilimwona Sidi. Mkono ulikuwa kwenye waya. Alilelewa kwamba mkubwa akisema acha, unaacha, hoja unaileta baadaye kwa adabu. Ndivyo wengi wetu tulivyolelewa, na ndiyo desturi ya ofisi zetu zote, tawi halimkatizi mkubwa wa makao makuu.

Akauachia.

Akakaa kwenye kiti akawa anatazama. Hakulia. Mimi nilisimama na mtungi wa dizeli mkononi kama sanamu. Wycliffe alipokuja kupiga simu mwenyewe, sauti imembadilika, hakukuwa tena na cha kusimamisha. Malindi tupu, Kilifi tupu, zimefanana sawasawa. Mashine ilitii kama ilivyoambiwa.

Na tepu zilishachomwa, msisahau.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Mama zetu wanafika kliniki wanaulizwa habari zao kama wageni. Wagonjwa wa sukari wanaanza upya kueleza walikuwa wanameza nini. Watu wakataka kujua nani kafanya hivi.

Kikao kikaitishwa Malindi. Wycliffe akasema mfanyakazi wa Kilifi alishika waya katikati ya kazi, ndipo data ikaharibika. Ile rekodi yake hakuicheza. Pauline akaunga mkono, akasema Sidi siku hizi alikuwa amevimba kichwa. Nikaomba niseme. Nikaeleza yote niliyosikia, neno kwa neno.

Mzee Jayant akaniuliza kompyuta nilisomea wapi. Nikamwambia sikusoma, ila nilikuwepo. Watu wakacheka. Akaniambia niende nikaoshe gari.

Mzee alijua. Alinikwepa macho. Ila mtu wa kumjengea mashine upya alikuwa Wycliffe, si Sidi, kwa hiyo akachagua.

Sidi akafukuzwa. Na habari ikatangulia kufika mtaani. Akipita soko la Kilifi wanawake wananong'ona, huyo ndiye aliyefuta watoto wetu. Kule Junju kwao ikawa hivyo hivyo. Mama yake akaacha kwenda kwenye vikao vya kina mama kanisani.

Nilimfuata na habari ya wazee, kwamba wako tayari kutoka Kitui. Akaniambia amepata wakala, anakwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Mtu aliyekuwa akiongoza mashine ya mkoa mzima.

Nikamwomba asiende. Nikamwambia mimi ninajua ukweli, hiyo haitoshi?

Akasema, "Wewe unajua, na mimi najua. Nikikaa hapa nitakuwa yule aliyefuta. Kule nitakuwa mfanyakazi tu. Niache nikapumzike na jina langu."

Nikamwacha. Ningefanyaje?

Miaka imekwenda. Kampuni ilikufa. Mzee Jayant alihamia kwa wanawe ng'ambo. Pauline ana duka la vipodozi Malindi. Na Wycliffe, wakuu, nasikia yuko Nairobi anafundisha makampuni namna ya kulinda data wakati wa majanga. Nilicheka mpaka bega likauma.

Mimi naendesha tuktuk. Nikipata abiria wa hospitali simtozi haraka, nangoja. Sikuoa. Watu wananiuliza, nawaambia bado nangoja mzigo.

Wanaosomea mambo haya, chukueni somo kwa mtu ambaye hakusoma. Kunakili si kuhifadhi. Mashine haijui upande upi umejaa na upi mtupu, na utupu nao unanakilika vizuri sana. Kabla ya kutoa amri angalia nani anacho na nani hana, hata kama mwenye nacho ni tawi. Weka na nakala nyingine pembeni isiyoguswa na waya wowote. Na aliyeko upande wa pili akikwambia simama, simama. Utamgombeza baadaye.

Sasa kwa nini naandika leo.

Sidi amenitumia ujumbe wa sauti. Mkataba wake unaisha, mwajiri wake anataka kuuongeza, na yeye amechoka. Sauti imekuwa nzito kidogo. Ameniuliza jambo moja tu. "Watu wa Kilifi walishaambiwa ni nani?"

Hakuna aliyewahi kuwaambia. Kwenye kikao kile walicheka, mambo yakaishia pale.

Basi nimewaambia mimi. Ni Wycliffe aliyetoa amri na akakataa kusimamisha. Ni Pauline aliyemshuhudia uongo. Ni Jayant aliyejua akanyamaza. Sidi aliona, akasema, akaomba, akazuiwa.

Nikimaliza hapa nachukua link ya uzi huu namtumia.

Kwa hiyo karibuni kwenye komenti. Wa IT mje mseme kama nimekosea mahali. Lakini zaidi nawaomba nyinyi wa Kilifi na Junju, hasa mliopoteza kumbukumbu zenu siku zile. Andikeni hata neno moja hapo chini. Atayasoma mwenyewe, moja moja, kabla hajasaini ule mkataba.