Simu Zilizokaa kwa Meneja

Jumamosi ile tuliingia kambini kama kawaida. Kambi yenyewe ilikuwa flati ya Meneja Salumu huko Joubert Park, katikati ya jiji: magodoro sebuleni, jezi zimelowekwa bafuni, sufuria ya pilau jikoni. Salumu, mtu wa Tanga, ndiye aliyeianzisha timu yetu ya wageni. Alipanga kikosi, akafua jezi, akabembeleza waamuzi. Alipenda kutuambia kwamba mameneja wa kwanza kule Uingereza walifanya kazi zote hizo wenyewe, nasi tukamtania kwamba wao angalau walikuwa na uwanja.

Sheria yake kuu ilikuwa ya simu. Ukiingia kambini unaizima sauti, unamkabidhi, naye anazifungia zote kabatini hadi mechi iishe. Aliogopa tusije tukahongwa, au tukarogwa. Nilimpa yangu bila kufikiri. Mdogo wangu Bahati, aliyeniita Yaya kama kwetu tunavyomwita mkubwa, alikuwa Diepsloot, kitongoji cha mabanda nje ya jiji, akiuza kwenye spaza yetu, kiduka cha mtaani, na asubuhi tulikuwa tumeagana vizuri.

Yaliyotokea siku ile watu huyaita fujo. Mimi nilikimbia vita kwetu Uvira, na vita naijua.

Alasiri jirani mmoja, msusi wa Kikongo, aligonga mlango. Akasema Diepsloot wageni wanapigwa na maduka yanachomwa.

Meneja alitafuta ufunguo. Ukamponyoka, akauokota.

Simu yangu ilikuwa imejaa jina la Bahati.

Alikuwa ameacha ujumbe mmoja wa sauti. Nyuma yake mabati yalikuwa yanagongwa.

"Yaya, wako ku mulango. Nipite wapi?"

Nilipiga. Haikupokewa.

Tulikimbilia stendi ya teksi. Hakuna dereva aliyekubali kwenda. Mmoja wao, Mzulu mtu mzima, alinishika bega akanisihi nibaki, maana wakinisikia tu ninavyoongea, nimekwisha. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikipiga tena na tena. Sijawahi kujiona bure namna ile, hata Uvira.

Kesho yake tulimkuta mochwari. Tulimzika huku huku.

Salumu hakuongoza mechi tena. Jezi alizigawa, timu ikafa. Miaka imepita, na bado huja kwangu tunywe chai. Mwezi uliopita ndipo alipolisema alilokuwa akilizunguka muda wote.

"Ningekuachia ile simu, mwanangu."

Nilimwambia duka lilikuwa na mlango mmoja tu, na dirisha la nondo. Hata ningepokea, nisingekuwa na njia ya kumwonyesha Bahati. Nilisema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mzee amekonda hadi ninamwonea huruma.

Akatikisa kichwa taratibu.

"Lakini angesikia sauti yako."

Nilimmiminia chai nyingine. Na hilo pia ni kweli.